Nani Atamsaidia Fibi? Safari Yetu ya Visiwa na Miji ya Ugiriki



Tangu tuliporudi kutoka Ugiriki mwaka 2019 mmekuwa mkituomba tuandike habari za safari ile. Wengine mmeona picha zetu ukutani, tukiwa tumejifunga khanga juu ya mwamba wa Areopago, mkasema, "Kumbe hata akina mama wa Iringa wanaweza kufika alikofika Paulo!" Tumekawia kuandika kwa sababu habari hii ina sehemu mbili. Moja ni tamu, ya meli na bahari na miji ya Biblia. Ya pili inatutia aibu. Rafiki yetu aliyetukaribisha kule ameturuhusu tuziseme zote mbili, mradi tusitaje jina lake. Basi humu tutamwita mwenyeji wetu.

MAANDALIZI

Tuliosafiri tulikuwa watatu: mke wa mchungaji, mwalimu wa shule ya msingi, na muuguzi. Mwaka 1996 sisi watatu pamoja na mwenyeji wetu tulikuwa katika kwaya moja ya vijana hapa Iringa, wote wanne sauti ya pili. Muuguzi na mwenyeji wetu walisoma pia chuo kimoja cha uuguzi, wakilala kitanda cha juu na cha chini. Mwaka 2007 mwenyeji wetu alikwenda Ugiriki. Nchi hiyo haikuwa ngeni kabisa masikioni mwetu, maana wazee wetu wanawakumbuka Wagiriki waliolima tumbaku huku Iringa. Tukasikia kwamba amepata kazi ya kuuguza, tukamshukuru Mungu.

Tangu hapo, kila palipotokea jambo, jina lake lilitajwa la kwanza. Mabati ya kanisa, kinanda cha kwaya, ada za watoto, cherehani za umoja wa wanawake ambazo tulizikopea fedha kwake. Tulikuwa tukisema, "Yeye yuko Ulaya." Naye hakuwahi kukataa.

Nauli tuliipata kwa kuweka akiba katika kikundi chetu kwa miaka mitatu. Viza ilitaka uvumilivu: barua ya mwaliko, taarifa ya benki, ruhusa ya kazini, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Waume zetu waliturudisha nyuma kidogo kwa maswali, kisha wakakubali. Majirani ndio waliosema sana. "Mama mwenye watoto anakwenda kutembea ng'ambo wiki tatu, nyumba anamwachia nani?" Mume wa Mwalimu aliwajibu kwamba nyumba ina baba yake. Tuliporudi tulikuta watoto wazima, kuku wazima, sufuria mbili tu zimeungua.

Katika mikoba yetu ya mkononi kulikuwa na pasipoti, Biblia, na dawa za presha za Mama Mchungaji, kwa sababu muuguzi alikataa dawa zisiwekwe katika sanduku linaloweza kuchelewa njiani. Kulikuwa pia, katika mkoba wa kila mmoja, na karatasi ambayo hakumwonyesha mwenzake. Habari ya karatasi hizo itakuja mbele.

ATHENE, MJI WA JUA NA MARUMARU

Tuliondoka Iringa mwezi wa Juni, wakati wa baridi, tukiwa na masweta. Tulibadili ndege Istanbul, tukafika Athene tukakuta kiangazi chenyewe. Kule mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, na mchana joto huweza kupita nyuzi 35. Watoto wanacheza viwanjani hadi usiku wa manane, na akina mama wanakaa barazani wakijipepea.

Mwenyeji wetu alitupokea kiwanja cha ndege akilia na kucheka kwa pamoja. Anaishi Kypseli, mtaa wa maghorofa wanakokaa Waafrika wengi. Tulishangaa kidogo tulipoanza kushuka ngazi badala ya kupanda. Chumba chake kiko chini ya usawa wa barabara, na kidirisha chake kinaonyesha miguu ya wapita njia. Alitupa kitanda chake na magodoro mawili aliyoazima kwa wenzake wa kanisani. Yeye alilala kwenye mkeka.

Tulimpa zawadi: khanga, dagaa, na majani ya chai ya Mufindi. Alifungua pakiti ya chai, akainusa muda mrefu, hakusema neno. Muuguzi wetu alipomshika mikono aliona ngozi imekauka na kupasuka katikati ya vidole. Mikono ile aliifahamu. Ni mikono ya sabuni kali na dawa za kusafishia sakafu. Naye akanyamaza.

Siku ya pili tulipanda Akropoli mapema, kabla jua halijawa kali. Kiingilio mwaka ule kilikuwa euro 20 kwa mtu mmoja, yaani zaidi ya shilingi 50,000. Mwenyeji wetu alitangulia dirishani akalipia wote wanne. Tulisema asante, tukapita.

Juu kule linasimama hekalu liitwalo Parthenon, lililojengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo. Marumaru ya njiani yamesuguliwa na nyayo za watu wa karne nyingi hata yanateleza kama sabuni, kwa hiyo anayekwenda avae viatu vyenye soli nzuri. Kutoka pale unautazama mji wote mweupe hadi baharini. Chini kidogo ndipo ulipo mwamba wa Areopago, ambako Paulo alizungumza na wenye hekima wa Athene habari za Mungu wasiyemjua. Siku hizi kuna ngazi ya chuma ya kupandia, na bamba la shaba lenye maneno ya Matendo ya Mitume sura ya 17 kwa Kigiriki. Mama Mchungaji alitukumbusha kwamba mwisho wa sura ile ametajwa mwanamke mmoja aliyeamini siku hiyo, Damari. Hatuambiwi mengine juu yake. Tulipiga picha pale kwa ajili yake.

Sokoni tulicheka sana. Mwalimu aliona mboga zilizomfurahisha, akamwuliza muuzaji kwa vidole kama ni za leo. Yule baba akaitikia, "Ne, ne!" Mwalimu akasema, "Nne? Nyingi, lakini basi," akanunua kilo nne. Mwenyeji wetu alishika mbavu kwa kicheko. Kumbe kwa Kigiriki neno hilo lina maana ya ndiyo. Na mboga yenyewe ilikuwa mchicha! Wagiriki huula sana kiangazi, umechemshwa, ukatiwa mafuta ya zeituni na limau. Tuliula siku tatu.

Jioni moja alitupeleka mahali anapofanyia kazi. Tulitazamia hospitali. Tukaingia nyumbani kwa bibi mmoja wa miaka zaidi ya 80, mwenye ugonjwa wa kusahau. Mwenyeji wetu ndiye anayemwosha, anayemlisha, anayemgeuza usiku, anayepika na kufagia, siku sita kwa juma. Bibi yule amesahau majina ya watoto wake wa kuwazaa, lakini alipomwona mwenyeji wetu mlangoni alinyosha mikono akamwita *kori mu*, yaani binti yangu. Diploma ya uuguzi ya rafiki yetu haikumpatia kazi ya hospitali kule. Imekaa katika bahasha chini ya godoro.

Tulirudi kwa basi tukiwa kimya.

AEGINA

Wenye bibi walimchukua likizoni, hivyo mwenyeji wetu alipata mapumziko yake ya kwanza marefu tangu miaka minne. Alikuwa ametupangia safari ya visiwa, akaanza na Aegina, kisiwa kilicho karibu na Athene. Kutoka bandari ya Piraeus ni mwendo wa saa moja na robo kwa meli ya kawaida. Kisiwa kile kinasifika kwa kokwa za pistachio, ambazo zinauzwa bandarini katika vibanda kama sisi tunavyouza karanga. Mbele ya migahawa wanaanika pweza kwenye kamba, mithili ya nguo zilizofuliwa.

Tulipofika ufukoni tuliona haya kuingia majini. Kisha tukaona mabibi wa Kigiriki, wanene kama sisi, wameingia baharini na kofia zao vichwani. Hawakuogelea. Walisimama maji yakiwafika kifuani, wakiongea habari za wakwe na wajukuu kwa saa nzima. Tukasema, "Kumbe ni kisimani hapa!" Tukajifunga khanga, tukaingia. Bibi mmoja akamkamata Mama Mchungaji mkono ili asianguke, wakacheka pamoja ingawa hawakuwa na lugha moja.

Tunaliandika hili kwa sababu wapo kati yetu wanaodhani kupumzika ni uvivu. Tulimtazama mwenyeji wetu amelala chali juu ya maji, amefumba macho, na mistari ya uso wake imelegea. Tulimwona tena yule msichana wa kwaya.

KORINTHO NA KENKREA

Korintho ni kama kilomita 80 kutoka Athene, na treni inafika. Njiani unavuka mfereji maarufu uliokatwa katika mwamba na kukamilika mwaka 1893. Una urefu wa kilomita 6 na kidogo, nao ni mwembamba hata ukiutazama kutoka darajani, meli inaonekana kama imebanwa na kuta.

Korintho ya zamani ni magofu yaliyo chini ya mlima mkubwa wa mawe. Nguzo 7 za hekalu la Apolo zingali zimesimama. Lipo jukwaa la mawe ambapo inaaminika Paulo alisimamishwa mbele ya liwali Galio. Paulo alikaa katika mji huu mwaka mmoja na nusu, akishona mahema pamoja na Prisila na Akila. Mwalimu alisema, "Kama Prisila alishona mahema na kufundisha Neno, basi na sisi tuna kazi."

Kisha tukachukua teksi kwenda Kenkrea. Wageni wengi hawafiki huko. Hakuna kiingilio wala duka la picha. Ni ghuba ndogo tulivu, na bandari ya zamani imezama. Unaona kuta za mawe chini ya maji maangavu, na kati yake masalio ya kanisa la kale, samaki wadogo wakipita mahali waumini walipokaa.

Mwenyeji wetu ndiye aliyetaka sana kufika hapo. Tuliketi juu ya mawe, miguu majini, Mama Mchungaji akafungua Warumi sura ya 16. Mnajua Paulo anaanza kwa kumtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Wataalamu wengi wa Biblia wanaamini ndiye aliyeubeba waraka ule hadi Rumi. Mama Mchungaji alisoma mstari wa kwanza na wa pili, akataka kuendelea.

Mwenyeji wetu akasema, "Mama, naomba urudie ule wa pili."

Akaurudia. Humo Paulo anawaagiza Warumi wampokee Fibi kwa heshima, na wamsaidie katika neno lolote atakalohitaji, kwa kuwa yeye amewasaidia wengi, hata Paulo mwenyewe.

"Mstari wa kwanza nimehubiriwa mara nyingi," mwenyeji wetu alisema. "Wa pili sijawahi kusikia ukihubiriwa."

Hakusema zaidi. Alikuwa akiyatazama maji.

USIKU NDANI YA MELI

Siku mbili baadaye tulirudi Piraeus jioni kupanda meli ya Patmo. Mwenyeji wetu alituonyesha upande wa bandari walikolala maelfu ya wakimbizi mwanzoni mwa mwaka 2016, wengi kutoka Syria na Afghanistan. Yeye na wenzake wa kanisani walikuwa wakija huko siku zao za mapumziko kuogesha watoto wachanga kwa mabeseni. Alilisema jambo hilo kama mtu anayesema alikwenda sokoni.

Tulikata tiketi za bei nafuu, tukakaa sitahani na mablanketi. Taa za Athene zilipopotea, muuguzi alimwambia, "Dada, tulilala kitanda kimoja juu na chini miaka mitatu. Tuambie ukweli wa maisha yako."

Alituambia. Wakati ule alikuwa akilipwa euro 650 kwa mwezi. Chumba kilichukua 200. Nyumbani alituma 250, mara nyingine zaidi. Kilichobaki ndicho chakula, nauli na gharama za kibali cha kuishi. Tukakumbuka tiketi za Akropoli. Siku ile alitoa euro 80 kwa ajili yetu, zaidi ya sehemu ya kumi ya mshahara wake, na sisi tukasema asante, tukapita.

"Mama alipofariki mwaka 2013," alisema, "kibali changu kilikuwa hakijahuishwa. Ningetoka nisingeweza kurudi. Nilimlilia mama yangu katika bafu la watu, bomba nikiwa nimelifungua ili bibi asisikie. Siku ya kwanza mlinipigia simu kunipa pole. Siku ya tatu mlinipigia kuuliza mchango. Siku ya kumi ilikuwa habari ya mabati."

Mama Mchungaji akaanza kulia.

"Sikuwakasirikia, wenzangu. Nilifikiri, wakiacha kuniomba, watakuwa wamenisahau kabisa." Kisha akauliza, "Kaburi la mama limejengewa? Nilituma fedha kwa ndugu mmoja, sijui iliishia wapi."

Akina mama, kati yetu watatu hakuna aliyeweza kumjibu. Kaburi lile liko mwendo wa nusu saa kutoka kanisani kwetu. Hatukuwa tumelitembelea tangu siku ya mazishi.

PATMO

Tulishuka Skala usiku wa manane. Patmo ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 34 tu. Asubuhi tulipanda njia ya mlimani hadi pango ambako inasemekana Yohana alipewa maono yake. Baadhi ya watu wanaofika hulazimika kuazima nguo za kujisitiri. Sisi tulikuwa na khanga zetu, tukaingia bila shida. Ndani kuna giza la mishumaa na ubaridi. Wanakuonyesha ufa katika mwamba uliogawanyika mara tatu, na mahali wanapoamini Yohana alilaza kichwa chake. Juu zaidi ipo nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1088, yenye kuta nene kama ngome, iliyojengwa hivyo kwa hofu ya maharamia.

Mwenyeji wetu alikaa pangoni kuliko sisi sote. Alipotoka alisema jambo ambalo hatutalisahau. Yohana alizungukwa na bahari pande zote, mbali na watu wake, naye ndiye aliyeonyeshwa nchi mpya ambamo bahari haimo tena. "Mtu wa ng'ambo," alisema, "analielewa sana neno lile."

KOS, KISIWA CHA WAGANGA

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa Kos, ambacho Paulo alipitia pia akielekea Yerusalemu. Muuguzi wetu alikisubiri kisiwa hiki tangu Iringa, maana ndiko alikozaliwa Hippocrates, karibu mwaka 460 kabla ya Kristo, anayeitwa baba wa utabibu. Nje ya mji, mwendo wa kilomita 4 hivi, kuna magofu ya mahali pa matibabu, yamepangwa kama ngazi kubwa za mlimani kati ya miti mirefu, maji ya chemchemi yakipita. Wagonjwa walikuja hapo wakalala, wakaoga, wakapewa chakula cha kufaa. Muuguzi alisema kwamba hata leo wodini, maji safi, usingizi na chakula ni nusu ya tiba.

Mjini karibu na ngome upo mti mkubwa ambao watu husema Hippocrates alifundisha chini yake. Kwa kweli mti uliopo una umri wa miaka kama 500, si zaidi ya 2,000, lakini umezeeka hata matawi yake yanashikiliwa kwa vyuma. Kisiwa chenyewe bado kilikuwa na makovu ya tetemeko la Julai 2017. Ng'ambo ya bahari, karibu sana, unaiona Uturuki. Katika maji yale membamba ndimo wakimbizi wengi walimovukia mwaka 2015 kwa mipira ya kujaza upepo, na mtoto Alan Kurdi na mama yake wakafa maji mwezi wa Septemba wakijaribu kufika Kos. Tulisimama tukawaombea akina mama wote wenye watoto majini.

Chini ya mti ule Mama Mchungaji alisema, "Wenzangu, mimi nina kitu katika mkoba." Akatoa karatasi. Ilikuwa hesabu ya ada ya chuo ya mwanawe, aliyokusudia kumpa mwenyeji wetu siku ya kuagana. Mwalimu akainama, akatoa yake: mkopo wa kununua kiwanja. Muuguzi akatoa ya tatu: kompyuta ya ofisi ya kanisa, na mhuri wa kamati juu yake.

Tulitazamana. Tulivuka bahari mbili na kila mmoja amebeba bili ya kumpelekea mtu mmoja.

Tulizichana mbele yake. Vipande tulivirudisha katika mikoba, maana pale si mahali pa kutupa takataka. Mwenyeji wetu alijaribu kutuzuia. "Jamani, ya kompyuta ningeweza kidogo kidogo." Mama Mchungaji akamjibu kwa ukali wa upendo, "Mwanangu, nyamaza. Leo ni zamu ya mstari wa pili."

Tukaweka agano la mambo manne. Hatutamwomba fedha. Deni la cherehani tutalilipa. Kaburi la mama yake tutalitengeneza sisi. Na kila Jumapili baada ya ibada mmoja wetu atampigia simu, ambayo ndani yake hakuna ombi lolote.

BAADA YA KURUDI

Kulitunza agano kulikuwa kugumu kuliko kuliweka. Kamati ya kanisa ilinung'unika juu ya kompyuta. Waliouliza, "Mmeleta nini kutoka Ulaya?" tuliwaambia tumeleta deni. Cherehani zilikuwa zimezaa fedha muda mrefu, ila hakuna aliyekumbuka zilikotoka. Mwezi wa Oktoba 2019 tulilijengea kaburi kwa matofali na saruji, tukapanda maua, tukamtumia picha.

Mwezi wa Machi 2020 Ugiriki ilifungwa kwa sababu ya korona. Bibi yule alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, kwa uzee, na mwenyeji wetu akakaa miezi minne bila kazi. Hakutuambia. Muuguzi aliisikia sauti yake katika simu ya Jumapili, akamwuliza amekula nini, akajibu, "Nimekunywa chai ya Mufindi." Juma lile akina mama wa kikundi walichanga, wengine shilingi 2,000, mjane mmoja alileta kuku. Tukafanikiwa kumtumia euro 400. Baada ya miaka 13, hiyo ilikuwa mara ya kwanza fedha kutoka Iringa kwenda Athene. Alipopokea alinyamaza katika simu muda mrefu, kisha akasema, "Sasa najua nina kwetu."

Desemba 2022 alikuja. Tulimpokea stendi kwa wimbo wa zamani wa kwaya, sauti ya pili bila ya kwanza, watu wakatushangaa. Alikaa wiki tano. Tulimpeleka kaburini, tukamwacha peke yake kadiri alivyotaka. Hakuna aliyempelekea karatasi, na waliotaka kujaribu walikutana na Mama Mchungaji mlangoni.

DADA MPENDWA

Kama Mungu atakupa nafasi ya kusafiri, usiogope. Weka akiba kidogo kidogo, kubaliana na mumeo, chukua dawa zako mkononi, kunywa maji mengi, na beba khanga, maana itakuwa shuka, taulo, mtandio na pazia. Mtembelee rafiki yako mahali anapokaa. Picha anazotuma zinaonyesha koti lake. Hazionyeshi ngazi za kushukia chumbani kwake.

Lakini hata usiposafiri, unaye Fibi wako. Pengine ni binti wa ukoo wenu anayefanya kazi za ndani Oman. Pengine ni dada yako wa Dar es Salaam ambaye simu yake mnaijua wakati wa ada tu. Pengine ni mama yule wa kanisani anayepika kila msiba, ambaye hakuna anayejua kwake kuna nini jikoni. Na pengine ni wewe mwenyewe, unayesoma haya usiku baada ya kuwalaza wote.

Juma hili mpigie. Mwulize habari zake, msikilize hadi mwisho, kisha kata simu bila kuomba kitu.

Mungu awabariki, na awabariki wasaidizi wenu.